Siri ya Nyumba ya Mtoni

  Somo letu la leo ni la historia, lakini nitalianza kwa habari za sinema.

Huenda umepata kutazama sinema ya namna hii. Nyumba kubwa imesimama peke yake. Wenyewe ni watu wa heshima. Wanakula pamoja na wanaamkiana kwa adabu. Hapana jini wala mnyama mkali. Lakini kila ukitazama moyo unazidi kudunda, kwa kuwa unahisi ya kwamba mna jambo ndani ya nyumba ile ambalo wakubwa wote wanalijua na hapana hata mmoja anayelitaja. Mwaka 1940 Alfred Hitchcock alitengeneza sinema mashuhuri ya aina hii, iitwayo Rebecca. Bibi arusi kijana anahamia katika jumba la mumewe karibu na bahari, huko Uingereza, na kidogo kidogo anatambua ya kuwa mke wa kwanza, aliyekwisha kufa, ndiye anayetawala bado mle ndani. Hofu ya sinema hiyo haitoki katika kisu wala bunduki. Inatoka katika kunyamaza kwa watu.

Sasa, sinema kama hiyo ni jambo la kubuni. Mwenye kuitengeneza anaijua siri tangu mwanzo, naye huifunua mwishoni, watu wakaenda zao wameridhika. Leo nataka kukuonyesha nyumba ya kweli, hapa hapa Unguja, iliyokuwa na siri nzito kuliko za sinema. Na wakati tunaitazama, nataka ushike swali moja mkononi: siri ya nyumba ikitoka nje, tumwamini nani?

Kabla ya kufika katika nyumba hiyo, twende kwanza Kizimkazi, kusini kabisa ya kisiwa chetu, kwa sababu pale pana mfano mzuri wa swali letu. Ukifika Kizimkazi Dimbani utauona msikiti wa kale. Sehemu kubwa ya jengo unalolitazama ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini katika ukuta wa kibla yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe. Maandishi hayo yanataja mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107, na yanamtaja kwa jina sheikh aliyeamuru msikiti ujengwe. Hii ni miongoni mwa hati za kale kabisa zilizobakia katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Jiwe limesema. Lakini wazee nao wana simulizi yao ambayo haimo katika jiwe. Husimuliwa ya kwamba palikuwa na mfalme aliyeitwa Kizi, na fundi wake wa mawe. Fundi alipokwisha kuujenga msikiti, ukapendeza mno, mfalme akaamuru akatwe mkono ili asije akamjengea mtu mwingine jengo zuri kama lile. Baadaye wakaja maadui. Mara ya kwanza mfalme akaomba dua, wakatoka nyuki wakawafukuza. Maadui waliporudi mara ya pili, dua ya nyuki haikukubaliwa tena kwa sababu ya ule mkono uliokatwa. Mfalme akaomba afichwe tu. Jabali likafunguka, akaingia, likafunga.

Je, hadithi hii ni kweli? Hatuwezi kuithibitisha, nami sikuambii uisadiki kama unavyosadiki jiwe. Lakini tazama kazi ya kila mmoja. Jiwe linatupa jina la mkubwa na mwaka. Simulizi inamkumbuka fundi, mtu ambaye jiwe halikumtaja. Mwenye nguvu huandika anachotaka kijulikane; asiyeandikwa hubakia katika midomo ya watu. Shika jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa tutoke Kizimkazi, twende kaskazini ya mji. Na hapa sina budi kukutahadharisha juu ya jina moja. Mbele yetu utasikia habari za Kizimbani. Usidhani ni Kizimkazi. Kizimbani imo katika mashamba ya karafuu, mashariki ya Bububu. Majina yanakaribiana, lakini ni mahali pawili mbalimbali.

Karibu na pwani, kiasi cha maili tatu kutoka mjini, yamo magofu ya jumba la Mtoni. Jumba hili lilikuwa la Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja, na ambaye katika miaka ya 1830 na 1840 aliihamishia Unguja enzi yake. Watu wa zamani walimsifu kwa biashara, kwa merikebu na kwa karafuu. Lakini enzi yake ilianza kwa damu ya jamaa. Mwaka 1806, Said akiwa kijana wa miaka kama 15, alimwua binamu yake, Badr bin Saif, aliyekuwa ameshika madaraka huko Omani. Watu wengi wameandika ya kuwa shangazi yake, Bibi Moza, ndiye aliyemtia shime. Basi mzee huyu aliyeheshimiwa na wote alijua vizuri jinsi mtu anavyoweza kupata kiti kwa kumwondoa ndugu. Na watoto wake nao walijua.

Watoto hao walikuwa wengi. Alipokufa walibakia hai 36, nao wote walizaliwa na masuria. Mke wake mkuu katika jumba la Mtoni, Bibi Azze bint Seif, hakuwa na mtoto, lakini ndiye aliyetawala nyumba nzima kwa ukali, na kila mtu alimwogopa. Ndani ya jumba palikuwa na Waarabu, Wahabeshi, watu wa Cherkess kutoka milima ya Kaukasi, na watumwa kutoka bara. Hebu fikiri, mpendwa msikilizaji: watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, kila mama na wasiwasi wake, kila mtoto na wapenzi na maadui zake, na hapana sheria iliyo wazi ya kusema nani atarithi. Nyumba ya namna hiyo haihitaji mtu mwovu ili iharibike. Inatosha mwenye nyumba afe.

Katika jumba hili alizaliwa, mwaka 1844, binti mmoja aliyeitwa Salme. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mtu wa Cherkess, aliyetekwa angali mtoto mdogo vitani. Katika nyumba ile wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilikuwa ya wanaume. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa kama ubao, akaziiga herufi za Msahafu mpaka mkono wake ukazoea. Jambo hili laonekana dogo, nalo ndilo lililogeuza maisha yake yote.

Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alikufa baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Omani. Pamoja naye chomboni alikuwa mwanawe Barghash, kijana wa miaka kama 19. Merikebu ilipofika Unguja, Barghash aliiteremsha maiti ya baba yake usiku, akaizika kwa siri, kisha akajaribu kuutwaa utawala kabla ya watu kupata habari. Hakufaulu. Kaka yake Majid akawa Sultani wa Unguja, na kaka yao mkubwa, Thuwaini, akashika Omani. Lakini mazishi yale ya usiku hayakusahauliwa. Tangu siku ile, kila mmoja alimtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, Barghash akafanya njama ya kumwondoa Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wake kwa moyo wote. Salme alimpenda Majid, aliyemlea kama mtoto wake. Lakini alimpenda Khole zaidi, na Khole akamvuta. Na kwa nini walimhitaji msichana wa miaka 15 ambaye mama yake alikuwa amekufa mwaka ule ule? Kwa sababu alijua kuandika. Barua za siri kwa masheha na wakubwa wa Kiarabu, barua za kuomba silaha na watu, ziliandikwa kwa mkono wake. Mchana alikaa na ndugu zake. Usiku aliandika maneno ambayo, lau yangefaulu, yangaliweza kumwua kaka aliyempenda.

Nakuomba usimame hapo kidogo. Katika sinema, hapa ndipo kamera ingeusogelea uso wa msichana yule. Sisi hatuna kamera, lakini tunaweza kuuliza. Alijionaje? Mwenyewe aliandika baada ya miaka mingi ya kwamba moyo wake ulimhukumu kwa kutiwa katika jambo lile. Twaweza kumsadiki. Lakini tukumbuke pia ya kuwa aliandika hayo njama ikiwa imekwisha kushindwa, naye Majid amekwisha kumsamehe. Ni rahisi mtu kujuta anapojua mwisho wa mambo.

Njama ilijulikana. Askari wa Majid wakaizunguka nyumba ya Barghash. Ndipo likafanyika jambo ambalo ukiliona katika sinema utasema limezidi. Khole na Salme walikwenda na kundi la wanawake wakiwa wamejifunika, wakawaomba askari waingie kuagana na ndugu yao. Walipotoka, Barghash alikuwa kati yao, amevishwa nguo za kike, mrefu kuliko wote. Askari, kwa heshima ya mabibi wa nyumba ya kifalme, hawakuthubutu kuwafunua. Akapita. Akakimbilia shamba liitwalo Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamekusanyika. Majid akapeleka majeshi, nao Waingereza wakamsaidia kwa askari wa manowari, na shamba lile likavunjwa. Barghash akajisalimisha, akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka miwili.

Salme akaenda kujitenga katika shamba lake la Kizimbani, lile niliyekutahadharisha jina lake. Baadaye alirudi mjini akapatana na Majid. Ungetazamia ya kuwa mambo yamekwisha. La, ndipo yalipoanza. Barghash na Khole walimwona kuwa amewasaliti, na Barghash hakumsamehe mpaka kufa kwake. Tena usidhani ya kuwa tawi la Unguja peke yake ndilo lililokuwa na moto. Mwezi wa Februari 1866, huko Sohar, Omani, kaka yao Thuwaini aliuawa akiwa amelala, na aliyemwua alikuwa mwanawe mwenyewe, Salim. Mwaka 1806 binamu alimwua binamu; mwaka 1866 mtoto alimwua baba. Miaka 60 ilikuwa imepita, na nyumba ilikuwa haijajifunza njia nyingine ya kukata shauri la urithi.

Mwaka huo huo wa 1866 Salme naye alikuwa na siri, nayo haikuwa ya utawala. Nyumba yake mjini ilikaribiana na ya mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, akachukua mimba. Katika nyumba ile na zama zile jambo hilo lingeweza kumtoa roho. Mwezi wa Agosti akaondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafika Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, akabatizwa akaitwa Emily, na tarehe 30 Mei 1867 akaolewa na Ruete. Mtoto yule alikufa walipokuwa njiani kwenda Ulaya. Katika Hamburg wakapata watoto watatu, na mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu. Salme akabakia mjane wa miaka 25 katika mji wa baridi, na lugha isiyo yake.

Ndipo akaishika tena kalamu. Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani. Mkono ule ule ulioandika barua za siri za njama sasa uliieleza dunia nzima mambo ya ndani ya Mtoni: wivu wa wake, ukali wa Bibi Azze, mazishi ya usiku, kaka aliyevaa nguo za kike. Tunayoyajua leo kutoka ndani ya nyumba ile, mengi tumeyapata kwake. Bila yeye tungekuwa na barua za mabalozi tu, watu waliosimama nje ya mlango.

Basi sasa turudi katika swali letu. Tumwamini? Jibu langu ni hili: tumsikilize kwa makini, lakini tumsikilize kama shahidi ambaye ana kesi yake mwenyewe. Nitakupa sababu tatu.

Ya kwanza: alikuwa akidai urithi wake. Mwaka 1885 alirudi Unguja katika chombo cha Kijerumani, wakati manowari za Ujerumani zilipokuwa zikimtisha Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, kwa ajili ya mambo ya bara. Wajerumani walimtumia kama kipande cha bao. Barghash akakataa kumwona. Salme alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, na bado hakupata alichokidai. Mtu aliyefungiwa mlango na kaka yake hawezi kumweleza kaka huyo kwa upole, na kweli Barghash anatoka vibaya katika kitabu chake. Lakini Barghash huyo huyo ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib na kuleta maji safi mjini. Mtu mmoja huweza kuwa ndugu mgumu na mtawala mwenye manufaa.

Ya pili: alizifunua siri za wenziwe, lakini yake aliifunika. Afikapo mwaka 1866 kalamu yake hupita haraka, na habari za mimba na za mtoto wa kwanza tumezijua zaidi kwa kumbukumbu nyingine. Simlaumu. Alikuwa mama aliyezika mtoto, akiandika kwa ajili ya wasomaji wageni ambao wangemcheka. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuona mahali kalamu iliponyamaza.

Ya tatu nayo ndiyo kubwa: kuna jambo ambalo yeye hakuliona kuwa ni siri hata kidogo. Mashamba yale, Kizimbani na mengine, yalilimwa na watumwa. Chakula, nguo na vito vya Mtoni vilitoka katika jasho lao. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Kiarabu, akasema haukuwa mkali kama ule wa Marekani, ingawa mama yake mwenyewe alitekwa akiwa mtoto. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika enzi ya Barghash, kwa nguvu za Waingereza. Utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika miaka yote hiyo, maelfu ya watu walioijua nyumba ile kwa ndani, waliopika, waliofua, waliobeba, hawakupata kalamu. Unakumbuka fundi wa Kizimkazi na mkono wake? Ndio hao.

Kwa hiyo siri kubwa ya nyumba ya Mtoni haikuwa njama wala nguo za kike. Njama zimeandikwa. Siri kubwa ni ile iliyokaa wazi mchana kutwa, na wenyewe wakaizoea hata wasiione. Na hilo, ndugu zangu, si la wafalme peke yao. Katika nyumba zetu pia yamo mambo ambayo hatuyafichi, tumeyazoea tu. Ukitaka kuijua historia ya jamaa yako, usimwulize mkubwa peke yake. Mwulize pia yule aliyekuwa akiosha vyombo.

Salme alikufa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake ulipatikana mchanga kidogo wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye. Makumbusho ya Kasri yalipofunguliwa hapa mjini mwaka 1994, chumba kimoja kiliwekwa kwa ajili ya habari zake. Nyumba iliyomfungia mlango ilimfungulia mwishowe, lakini yeye hakuwapo kuingia.

Sasa, kwa ninyi mnaosikiliza kwa makundi, haya ndiyo maswali ya kuzungumza:

1. Kama Salme asingejifundisha kuandika, maisha yake yangekuwaje? Nasi tungepoteza nini?

2. Jiwe la msikiti wa Kizimkazi na hadithi ya mkono wa fundi: kila kimoja kinatufundisha nini ambacho cha pili hakiwezi?

3. Katika kijiji chenu, nani anakumbuka mambo ambayo hayakuandikwa? Mwendeeni kabla ya somo lijalo, mkamsikilize, na mwenye kalamu aandike.

Hilo la tatu msilifanyie uvivu. Mzee hangoji somo lijalo. Kwa herini, mpaka tutakapokutana tena.